Mkono wa Kanze

Nelly wa makumbusho alinitaka nimweleze maisha yangu kwa kifupi, apate kuyaandika kwenye kadi. Nikamweleza kwa kirefu, maana mimi nikianza kujisema sina breki. Nilimwambia nilivyozaliwa hapa hapa Malindi, nilivyofunzwa kusuka na marehemu mamangu, na nilivyoshona mikeka mpaka watu wakaacha kuniita Mwanamina, wakaniita Bi Mikeka. Yote aliyaandika. Kanze sikumtaja hata mara moja.

Haya ninayoyasimulia leo hakuniuliza mtu. Ni habari za Kanze, na nazitoa kwa sababu naona haya, si kwa sababu nina roho nzuri. Asije mtu akanisifu mwishoni.

Kanze alibisha mlangoni kwangu miaka kumi na tisa iliyopita, na gunia kichwani. Ndani ya gunia mlikuwa na ukili. Kwa asiyejua, mkeka hausukwi mzima mzima. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu wa miyaa, yale majani makavu ya kusukia, upana wa vidole vinne hivi, unaviringishwa na kuwekwa. Kisha mwenye sindano anazishona zile tepe moja kwa nyingine mpaka mkeka utimie. Mimi ni mwenye sindano. Kushona na kutia rangi nayajua, hapo simwogopi mtu. Kusuka najua pia, lakini kusuka kwangu ni kusuka kwa kawaida, mkeka wa kuanikia nazi.

Ule wa Kanze niliuinua juani mlangoni pale pale, nikafumba jicho moja, nikautazama. Haukupitisha mwanga. Nilimwambia aketi, nikamtilia chai, na kabla hajaimaliza nilikuwa nimeshamwagiza gunia la pili.

Siku alipokuja kusuka mbele yangu ndipo nikaona kwamba anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa kushikia tu, kazi yote ilikuwa ya kushoto, na vile vidole vilikwenda upesi mpaka nikachoka kuvifuata. Tena ukiugeuza ukili wake utamjua. Jani likiisha msukaji anaongeza jingine, na ncha anaificha mgongoni mwa ukili. Sisi wa mkono wa kulia ncha zetu hujipanga ukingo wa kulia, na zake yeye hujipanga kushoto. Juu huoni tofauti. Mgongoni ni dhahiri.

Alinihadithia mwenyewe, tukichana miyaa uani. Kwao ni Junju. Shule alifika darasa la tatu, na mwalimu alikuwa akimchapa vidole kila akishika kalamu kwa kushoto, mpaka vidole vikafura, mpaka siku moja akaondoka kwenda kisimani na hakurudi darasani tena. Nyumbani nako alikatazwa kupakua chakula kwa mkono ule, akakatazwa kupokea kitu kwa mkono ule. Ni hawe wake tu, yaani bibi yake mzaa mama, aliyempa miyaa akamwambia suka unavyoweza. Aliniambia ilikuwa kazi ya kwanza duniani ambayo hakupigiwa kelele. Akaolewa na Ngowa, fundi wa kuezeka makuti, aliyekuwa akipanda mapaa ya hoteli za Watamu. Ngowa akaanguka, mgongo ukaharibika, wakahamia Muyeye kwenye chumba kimoja na watoto wanne, na tangu hapo wamekula kwa ule mkono wa kushoto. Nilisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa mlangoni, likisubiri wateja.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Alikuwa hajatimiza mwaka kwangu. Mama mmoja wa watu, jina lake nalisitiri ingawa hastahili, alikuja kuagiza misala sita kwa harusi ya mwanawe. Msala, kama mjuavyo, ni mkeka wa kuswalia. Akamkuta Kanze barazani anasuka. Akamtazama, akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata kiziwi angeisikia, kwamba yeye hawezi kuweka paji la uso wake juu ya kazi ya mkono ule, mkono unaojulikana kazi yake ni nini chooni, na tena mwenyewe si Mwislamu.

Nilijua ni upuuzi. Babangu alikuwa akisomesha Kurani chuoni, na mtoto mdogo wa chuo chake angemwambia yule mama kwamba msala unatakiwa uwe safi, basi, haukuulizwa umesukwa na nani. Mimi pia ningemwambia. Mimi, ambaye watu huniepuka sokoni kwa ulimi wangu. Lakini misala ilikuwa sita, na mama yule ana jamaa wengi, nikasema, "Huyu? Huyu ananichania miyaa tu. Kusuka nasuka mwenyewe."

Kanze alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Hakuinua uso. Aliuweka ukili chini, akachukua kisu, akaanza kuchana miyaa, ili maneno yangu yawe kweli.

Kuanzia siku ile nikamhamishia uani. Nikamwambia asisuke mbele za watu kwa mkono ule, wateja wana maneno. Akasema haya, Bi Mwanamina. Baadaye nikaona hata uani watu hupitapita, nikamwambia asukie kwake Muyeye, alete ukili kwa mlango wa nyuma. Akasema haya. Yule mama wa misala sita alikwisha kufa, Mungu amrehemu, na hakuna mteja mwingine aliyewahi kuniuliza habari ya mkono. Lakini mlango wa nyuma ulibaki kuwa mlango wa Kanze. Nilikwishaonja utamu wa kuambiwa kwamba mkono wangu hauna mfano, na sikutaka kuugawa. Nikijisumbua sana moyoni, najiambia, si namlipa haki yake?

Mwaka huu ndipo Nelly akaja na habari ya jioni yao. Ilikuwa jioni ya kazi za mikono na mapishi, ya watu wazima peke yao, watoto wabaki nyumbani. Alisema watu wazima wengi hawajui kushika miyaa wala kukuna nazi, na mbele ya watoto wao huona aibu kuuliza. Upande mmoja wa ua wa makumbusho watakaa wapishi, upande mwingine wenye kazi za mikono, na watu watazunguka wakijaribu. Alitaka mimi nifundishe ukili. Tena alitaka msala mmoja mzuri wa mkono wangu ubaki ndani ya makumbusho, ukutani, na kadi chini yake yenye jina la aliyeusuka.

Kichwa kilinivimba. Jina langu ukutani, watu wa mbali waje walisome. Bi Raiya, mzee wetu wa mtaani, alikubali kuutoa msala wake niliomshonea miaka kumi na mmoja iliyopita, aliokwenda nao Umra akarudi nao, na bado ulikuwa mzima. Ukili wote wa msala ule ni wa Kanze. Hakuna hata dhiraa moja yangu.

Nelly akaniuliza kama namjua mpishi wa vyakula vya mashambani. Nikamtaja Kanze, kwa sima na mtsunga, ile mboga chungu, ya kupikwa kwa tui. Mtasema nilimkumbuka rafiki yangu. Nilijua nisipomtaja, Nelly angemwita mpishi mwingine wa Muyeye, habari zimfikie Kanze, naye angekuja kama mgeni, azunguke zunguke, akae kwenye mikeka. Nilimtaka awe na chungu mbele yake asiondoke.

Siku yenyewe alikuja na leso mpya. Alifurahi kweli kweli. Akaniuliza kama mboga ikiiva mapema ataruhusiwa kuja upande wetu kunitazama nikifundisha. Nikamwambia tutaona, sima haiachwi peke yake.

Tulianza baada ya alasiri. Walikuja watu kama thelathini, walimu, wauguzi, mafundi, mke na mume wa dukani, hata karani mmoja wa mahakamani ambaye jani lilimkata kidole akalalamika jioni nzima. Msala wa Bi Raiya ulitundikwa kwenye kamba nyuma yangu, na kadi yangu imebanwa chini yake. Bi Raiya mwenyewe aliletewa kiti. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akawaambia watu, "Huyu ndiye."

Nilifundisha, wallahi nilifundisha. Nilicheka na watu, nikawatania kwa vidole vyao vigumu, nikasema miyaa inamjua anayeiogopa. Nikasuka ukili wangu mbele yao, urefu wa mkono hivi, nikaupitisha waushike. Harufu ya mtsunga ilinifikia kutoka upande wa pili na sikugeuza kichwa.

Ulipomfikia Abdurahman, aliugeuza. Abdurahman ni fundi wa kanzu, mtu mpole, hana neno na mtu, na ndiyo maana sikujihadhari naye. Alisema yeye nguo yoyote huanza kuitazama kwa ndani, ndiyo mazoea. Akasimama, akaenda kwenye msala, akaugeuza nao. Akaleta ukili wangu akaulaza juu ya mgongo wa msala, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Bi Mwanamina," akasema, "ncha zako leo ziko kulia. Hizi za msala zote ziko kushoto. Mnabadilisha kwa makusudi?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini watu walisogea kutazama, na kila aliyetazama aliona. Hapo ndipo ningeweza kulimaliza kwa sentensi moja. Nilikuwa na watu thelathini wanaonipenda, wangenisamehe wakicheka. Badala yake nikasema kwamba vipande vingine huwa nampa mtu wangu wa kunisaidia, niliyemfunza mimi mwenyewe, na yeye hutumia kushoto.

"Huyo mtu yuko wapi?" Nelly akauliza, na macho yake yamechangamka. Nilijitia kuokota miyaa iliyoanguka. Lakini mmoja wa wauguzi anakaa Muyeye, na watu wa Muyeye wanajua nani kwao anasuka. Akanyoosha kidole upande wa vyungu. Nelly akamwita Kanze aje awaonyeshe watu.

Kanze alinawa mikono. Alikuja akipangusa kwa leso, akaketi mkekani karibu nami, akachukua miyaa. Na akaanza kusuka kwa mkono wa kulia.

Sijui kama mmewahi kumtazama mtu mzima akifanya kazi yake kwa mkono usiokuwa wake. Vidole vilikuwa vizito. Jani lilimponyoka, akalirudisha, likamponyoka tena. Ukili ulitoka umelegea, umepinda, mtoto wa miaka saba angesuka mzuri zaidi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na hakuthubutu kulifuta. Watu wakamwonea huruma. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mumewe. Nelly akaitazama kadi yangu, akanitazama mimi, nikaona wazi anachofikiri, kwamba mtu huyu hakuusuka msala ule, hawezi kuwa amesuka hata kikawa cha kufunikia sahani.

Na mimi nilifurahi. Nasema ukweli, nilipumua. Nilimwona Kanze anaaibika mbele ya watu kwa ajili yangu, kwa kuwa mimi nilimkataza kutumia mkono wake, na kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni afueni. Kabla ya huruma, kabla ya lolote. Mengine yote niliyomfanyia ningeweza kuyatafutia sababu. Hilo sina pa kulipeleka.

Bi Raiya ndiye aliyesema kwanza. Akamwambia kwa upole, "Usijali mwanangu, si kila mtu amejaaliwa mkono." Kanze akatabasamu, akasema, "Ndiyo, bibi," akaendelea kuhangaika na lile jani.

Ile "ndiyo, bibi" ndiyo iliyonivunja. Nilisema, "Kanze. Suka kwa mkono wako."

Akageuka kunitazama. Hakuwa amekasirika, laiti angekasirika. Alikuwa akitaka kuhakikisha tu.

"Si uliniambia nisisuke nao mbele za watu?"

Aliyasema taratibu, akidhani ananiambia mimi peke yangu. Ua mzima ulisikia. Yule karani alisahau kidole chake. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikamwambia ndiyo, nilikwambia, na nilikosea, suka.

Akahamisha miyaa mkononi. Ule ukili mbovu aliufumua wote mpaka mwanzo, hakuacha hata kipande, akaanza upya kwa kushoto. Sitaki kuueleza ule mkono, kwa kuwa nina miaka kumi na tisa ya kuueleza kama wangu. Nitasema tu kwamba watu walikaa chini mmoja mmoja bila kuambiwa, na Abdurahman aliungoja urefu wa shibiri, akauomba, akaugeuza, akaulaza kwenye mgongo wa msala. Ncha zikakutana na ncha. Aliurudisha kwa Kanze kwa mikono miwili.

Basi nikasema. Nilisimama, nikasema msala huu aliusuka huyu, na mingine yote mliyonisifia aliisuka huyu, mimi nilishona. Nikasema nilimficha uani kisha nikamficha Muyeye, na kwamba kisa cha mkono wa kushoto kilikuwa kisingizio tangu alipokufa aliyekisema. Nilitegemea mtu atanifokea. Nilitaka mtu anifokee. Walitazama chini, wakawa wanaona haya kwa niaba yangu, na Nelly akaitoa kadi yangu chini ya msala polepole, kama mtu anayechukua sahani ambayo mwenzake hajamaliza kula.

Bi Raiya akaomba ashikwe mkono, akainuka kitini, akaja akaketi mkekani upande wa pili wa Kanze, na magoti yake yale.

"Miaka kumi na mmoja," akaniambia, "nikimaliza kuswali juu ya msala huu, namwombea dua aliyeusuka. Namtaja kwa jina. Nimekuwa nikikutaja wewe, Mwanamina."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama magoti yake.

"Sasa niambie vizuri, nisikosee tena. Kanze binti nani?"

Aliniuliza mimi. Nani mwingine angemuuliza? Ni mimi niliyekaa naye miaka yote hiyo. Nikafungua mdomo nijibu. Namjua mumewe na mgongo wake. Namjua hawe wake aliyempa miyaa, na mwalimu aliyemchapa vidole. Najua anatia vijiko vitatu vya sukari. Nilitafuta jina la babake, nikatafuta tena, nikijua kabisa kwamba sikulisahau, sikuwahi kuliuliza.

Kanze naye alikuwa ameacha kusuka, ananitazama, anangoja nilitaje. Hakuwa na shaka kwamba nalijua. Alingoja mpaka nikainamisha uso, ndipo akaelewa, akarudi kwenye ukili wake.

"Mwaro," akamwambia Bi Raiya. "Babangu anaitwa Mwaro."